Mashine ya kujisafishia picha mwenyewe dukani Chake Chake: naombeni ushauri kabla sijatoa pesa

Ummu_Nasra

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Nina duka Chake Chake. Upande mmoja vifaa vya skuli, upande wa pili vitu vya harusi: udi, hina, mikoba, maua ya kupambia. Kaka yangu yuko Dubai, kanipigia wiki iliyopita kuwa kuna mtu anauza mashine ya kusafisha picha, ile ya mteja kujihudumia. Ina skrini ya kugusa. Unachomeka simu au memori kadi, unachagua picha zako, unabonyeza, zinatoka pale pale. Ilikuwa kwenye supamaketi, sasa wanaiuza. Bei yake naimudu, lakini ndiyo akiba yangu yote ya misimu miwili ya karafuu.

Niseme kwa nini naitaka. Mwaka juzi tulimwoza mtoto wa mama mdogo. Siku ya ukumbi wa wanawake simu zilikusanywa mlangoni ndani ya kikapu, isipokuwa ya dada yake bi harusi, yeye tu ndiye aliyepiga picha. Baadaye akazipeleka kwa flashi kwenye studio moja. Haikupita wiki, picha tatu zikawa zinazunguka kwenye simu za vijana: bi harusi kichwa wazi, na ile nguo ya ndani ya ukumbi. Mwenye studio aliapa kuwa hajui zilivyotoka. Mtoto wa watu alikaa ndani miezi, akiitwa kwenye shughuli anasema anaumwa kichwa.

Tangu hapo wanawake wa kwetu hawapeleki tena picha kusafisha. Zinabaki kwenye simu, simu ikizama maji basi.

Mie nikafikiri: mwanamke akija dukani kwa mwanamke mwenzake, akasimama mbele ya mashine peke yake, akatoa picha zake akatia mkobani, hapana jicho la mtu lililoziona. Kwangu hiyo ndiyo stara. Sasa nataka kujua kama kweli mashine itanipa hiyo stara. Na umeme wetu huu itauweza? Karatasi zake zinapatikana wapi? Pesa mteja analipaje? Naomba anayejua aniambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kuwa niache.

Kojani_Mvuvi

Waalaykum salaam dada. Mimi ningekwambia uache. Siku hizi nani anasafisha picha? Kila mtu anazo kiganjani. Hiyo akiba ongeza madaftari na mikoba ya skuli, Januari hurudi.

Mama_Wawi

Kaka Kojani, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe. Simu yangu iliibiwa bandarini Mkoani wakati nashuka boti. Ndani mlikuwa na picha za baba yangu siku zake za mwisho, amekaa barazani na kikombe chake. Sina hata moja leo. Watoto wangu wadogo hawamjui babu yao sura. Wakati picha ya babu yake yeye, ya rangi nyeusi na nyeupe, bado iko ukutani kwa shangazi, imekula chumvi pembeni lakini uso uko.

Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa 1930, na watu mpaka leo wanakwenda kutazama sura za wazee pale. Zimekaa kwa sababu zilisafishwa kwenye karatasi.

Ummu Nasra, ukiiweka mashine hiyo, mie nakuja kutoka Wawi kwa miguu.

Fundi_Mlandege

Dada Ummu Nasra, natengeneza printa mjini Unguja na mashine za aina hii nimezifungua kadhaa. Nitakwenda polepole maana kuna mambo ambayo muuzaji hatakwambia.

La kwanza na kubwa: usinunue mashine, nunua karatasi. Nina maana, kabla hujatuma hata senti, jua printa iliyomo ndani ya hilo kabati ni ya aina gani na karatasi yake bado inatengenezwa. Skrini na kabati ni kompyuta ya kawaida tu. Kazi inafanywa na printa ya joto iliyofichwa chini, na printa hizi hazitumii wino wa chupa. Zinatumia riboni, utepe mpana wa plastiki, pamoja na karatasi ya rola. Riboni na karatasi huuzwa pamoja katika boksi moja na huisha pamoja. Riboni ya mashine hii haiingii kwenye ile. Nyingi zina chipu, ukiweka isiyo yake mashine inakataa. Supamaketi ikiuza mashine, uliza kwa nini inauza. Mara nyingi ni kwa sababu karatasi zake zimeanza kuadimika.

Mwambie kaka afungue mlango wa chini, apige picha ile lebo ya printa, akutumie. Mfano, DNP RX1 ni ndogo, inajulikana, na boksi lake lina rola mbili za picha 700 kila moja, za inchi 4 kwa 6. Picha 1400. Kupata gharama ya picha moja chukua bei ya boksi, tia nauli na ushuru, halafu gawa. Lakini usigawe kwa 1400, gawa kwa 1300, maana zitakuwapo za kuharibika, za kurudia, na za umeme kukatika.

Umeme. Pemba mnavuta kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na mnajua wenyewe siku ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya picha, karatasi ile na kipande kile cha riboni vimepotea. Weka UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, lakini si zile ndogo za kompyuta: kichwa cha printa kinapopata moto kinavuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo itazima. Na hakikisha mashine inakubali volti 230. Za Marekani nyingine ni 110 tu, zitakuungulia siku ya kwanza.

Hewa. Chumvi na unyevu wa masika vinakula kila kitu, na vumbi likikaa juu ya riboni unapata nukta nyeupe kwenye uso wa bi harusi. Usiiweke mlangoni. Rola usizifungue mpaka siku ya kuzitia.

Simu. Hapa ndipo wateja watakapokuchosha. Picha iliyopita WhatsApp kwa kawaida imeshapunguzwa, upande mrefu unabaki pikseli 1600 hivi. Kwa 4 kwa 6 inataka 1800 kwa 1200, kwa hiyo itatoka vizuri tu, lakini akitaka ya kutundika ukutani itakuwa na ukungu. Simu za iPhone tangu 2017 huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, na mashine kongwe haziusomi. Tena, picha ya simu ina umbo la 4 kwa 3 na karatasi ni 3 kwa 2, hazilingani, lazima kitu kikatwe. Mteja asipoisogeza kwenye skrini, kinachokatwa ni vilemba na miguu. Simama naye mara mbili tatu za mwanzo, atazoea.

Ummu_Nasra

Allah akulipe Fundi, umenifungua macho. Nimemwambia kaka aende kufungua huo mlango.

Lakini ukisema nisimame naye mteja, hapo ndipo kwenye swali langu. Wengine hawatataka hata mimi nizione. Je, picha zinabaki ndani ya mashine?

Fundi_Mlandege

Zinabaki, kama hukuizuia. Programu nyingi huweka nakala ya kila oda kwa siku kadhaa ili mteja akirudi na lalamiko irudiwe. Ingia kwenye mipangilio, ondoa hiyo, iwe inafuta kila mteja akimaliza, na irudi ukurasa wa mwanzo kama haijaguswa dakika moja. Usiiunganishe na intaneti kama huna haja. Na mlango wa chini uwe na ufunguo, ufunguo uwe kwako.

Picha_Njema_Wete

Nimesoma uzi huu wote na mikono inanitetemeka kidogo. Mimi nina studio, miaka mingi sasa, na printa yangu ni hiyo hiyo ya riboni. Nataka kueleza jambo ambalo sijapata kulieleza kwa mtu nje ya nyumba yangu, kwa sababu dada huyu ana nia njema na hakuna aliyemwambia.

Riboni ina vipande vinavyofuatana: cha manjano, cha wekundu wa zambarau, cha samawati, na cha mwisho kisicho na rangi, ambacho ni kinga ya kuifunika picha. Kila picha inakula seti moja nzima, iwe na rangi nyingi au chache. Joto linahamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda kwenye karatasi. Sasa fikiri: pale rangi ilipohama, utepe unabaki mtupu, na pale isipohama inabaki. Kwa hiyo picha yako imeandikwa kwenye utepe, kinyumenyume, mara tatu. Kila picha uliyowahi kutoa iko kwenye ile rola iliyotumika, kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya 700.

Mimi sikulijua hilo. Rola zikiisha nilikuwa nazitupa jalalani. Siku moja baada ya Idi, alasiri, natoka msikitini nikawakuta watoto wanarusha tiara, na mkia wa tiara moja ulikuwa mrefu, unang'ara, wa rangi. Nikautambua utepe wangu. Nikamwita yule mtoto, nikaushika, nikaunyanyua juani. Nikaona uso wa mwanamke. Rangi ya manjano tupu, meno yamekoza kuliko uso, kinyume kama kwenye negativu za zamani, lakini nilimjua. Mke wa jirani yangu, siku ya hina yake.

Nilinunua ule mkia kwa yule mtoto kwa shilingi elfu mbili, nikaenda jalalani nikachakura mpaka magharibi.

Sisemi kuwa picha za ndugu yako zilitoka hivyo, za simu huvuja kwa njia ya flashi na kompyuta. Lakini dada, unaweza kufuta kila kitu kwenye skrini, na stara yote ikawa imelala ndani ya ndoo ya taka.

Mama_Wawi

Subhanallah. Sikujua kabisa. Nani angejua?

Kijana_Mkoani

Nataka kuongeza moja kuhusu mashine yenyewe. Nilifanya kazi dukani Dar kulikokuwa na mashine hizi. Picha zinapotoka huanguka kwenye trei ya wazi mbele, uso juu. Mteja yuko kwenye skrini anachagua nyingine, na wote walio kwenye foleni wanatazama zile zilizokwisha toka. Nilimwona mama mmoja akazifunika kwa mtandio wake. Kwa hiyo mwambie seremala akufanyie droo ya kufunga chini ya trei, picha ziangukie ndani, mteja aifungue akimaliza. Na skrini iwe imetazama ukuta, mteja ndiye aupe mgongo ukuta, si mlango.

Malipo: kifaa cha kumeza noti achana nacho. Vile vinavyokuja na mashine za nje havizijui noti zetu na kuvifundisha ni gharama. Weka ile njia ya kulipia kaunta: mteja akimaliza kuchagua, mashine inatoa namba na bei, anakuja kwako analipa taslimu au kwa simu, wewe unaingiza namba, picha zinatoka. Wewe unaiona namba tu, picha huzioni. Na risiti unampa ya kawaida ya duka.

Bwana_Epson

Mbona tunamwingiza dada kwenye gharama kubwa? Epson ya wino wa chupa, ile ya rangi sita, L805, studio nyingi zinatumia na picha zake ni nzuri. Wino hauachi negativu yoyote. Anza na hiyo.

Fundi_Mlandege

Bwana Epson, kwa gharama uko sahihi, na kwa hilo la negativu pia. Tatizo ni mteja kujihudumia. Ile karatasi unaitia kwa mkono, kichwa kikikauka unasafisha, picha ikitoka ina unyevu na akiitia mkobani ina alama ya kidole. Lazima pawe na mtu pembeni, na huyo mtu ndiye anayekimbiwa. Ya riboni inatoka kavu, chini ya robo dakika, na ina kinga juu yake. Kwa picha za pasipoti nayo ni rahisi: za milimita 35 kwa 45 zinaingia 8 kwenye karatasi moja ya 4 kwa 6. Hizo ndizo zitakazomlipia umeme miezi isiyo na harusi.

Kojani_Mvuvi

Dada, nimesoma yote. Nilisema uache, lakini nilikuwa sijalifikiria upande wa wanawake. Mke wangu kasoma begani kwangu, anauliza utafungua lini.

Ummu_Nasra

Ndugu zangu, nimerudi. Kaka alifungua mlango, akanitumia picha ya lebo, nikampelekea Fundi. Printa ile karatasi zake hazitengenezwi tena, yaliyobaki ni maboksi ya mkononi kwa watu. Nimeiacha.

Nitanunua printa mpya peke yake, pamoja na maboksi mawili, na kompyuta ya skrini ya kugusa iliyotumika. Kabati namuachia seremala wa hapa hapa, nimeshamchorea: droo ya ufunguo chini, skrini inatazama ukuta, na pazia kama la kupimia nguo. Nimepanga picha moja shilingi 1,000. Inshaallah iwe tayari kabla ya Idi, watoto wakirudi Tibirinzi kwenye viwanja vya Idi na nguo mpya wapitie kwangu.

Kaka wa Wete, nimekaa na maneno yako usiku mzima, na nakushukuru kwa kuyasema. Nataka nikuulize moja. Rola ikiisha, unaichoma au unaikata?

Picha_Njema_Wete

Naikata kwanza, kwa mkasi mkubwa, kupita kwenye rola yenyewe mpaka isifunguke tena. Halafu naichoma nje, mbali na watoto, moshi wake si mzuri. Ukiichoma ikiwa nzima imejiviringa, katikati haiungui.