Phog Allen: alionewa, au muda wake ulikuwa umeisha?

Kikapu Mkongwe: Wakuu, hili linanikera miaka yote. Kocha Allen kafundisha kikapu Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, misimu 39, kashinda mechi 590 pale pale, bingwa wa vyuo 1952. Mwaka 1956 akaambiwa umri wako 70, kabidhi timu. Na huku keshamsajili Wilt Chamberlain, lile jitu la futi 7! Dogo alikuwa mwaka wa kwanza, enzi hizo hawaruhusiwi timu kubwa. Mzee akaondoka bila kumchezesha hata mechi moja. Ni haki hii?

Barua ya Utumishi: Haki tupu. Mimi nikifika 60 barua ipo mezani, sina Wilt wa kunitetea. Yeye kaongezewa miaka 10 bado analia?

Mama Wawili: Wivu huo. Msaidizi wake Dick Harp kapewa timu, Wilt mechi ya kwanza kafunga 52. Halafu fainali ya 1957 wakapigwa na Kentucky kwa pointi moja. Mzee angekuwa benchi kikombe kingebaki Kansas.

Tatu Bila: Kentucky wapi, dada? North Carolina, 54-53, muda wa ziada mara tatu.

Mama Wawili: Haya, North Carolina. Pointi si ni moja ile ile?

Jogoo la Shamba: Mnamkuza bure. Mzee huyo huyo alipiga kelele kikapu kipandishwe hadi futi 12 kuwabana warefu, kisha akamfuata mtu wa futi 7. Hata Naismith aliyebuni mchezo alimwambia haufundishwi, unachezwa tu. Mwaka 1920 kadandia kufundisha na ule mpira wa yai wa Kimarekani, msimu mmoja, basi. Na kazi yake yenyewe ilikuwa uganga wa kunyoosha mifupa.

Tatu Bila: Msimu huo mmoja alikuwa nyuma 20-0 kwa Nebraska, akatoka 20-20. Dandia wewe tukuone.

Mjukuu wa Pangani: Jogoo, rudi hapo kwenye mifupa. Mbona umeitamka kama tusi? Mimi niliteguka kifundo uwanja wa shule, ile sakafu ya saruji yenye nyufa. Bibi akanikalisha mkekani, akapasha mafuta ya nazi, akaniuliza mtihani wa hesabu umekwendaje. Nafungua mdomo nimjibu, akavuta. Ko! Mwezi haukuisha nikawa narusha mipira.

Jogoo la Shamba: Na mwingine kavutwa hivyo hivyo, mguu umepinda hadi leo.

Mjukuu wa Pangani: Bibi yangu hajapindisha mtu! Mtaje huyo mwingine.

Jogoo la Shamba: Mimi. Nikivaa suruali ya kitambaa naonekana natembea upande. Ndiyo maana nasema picha ya mfupa kwanza.

Tatu Bila: Pole, mkuu. Ila Allen alisomea osteopathi, yaani tiba ya mifupa na misuli kwa mikono, chuoni Kirksville, ana shahada, ndiyo maana wakimwita Doc. Huwezi kumfananisha na bibi wa mkekani.

Mjukuu wa Pangani: "Bibi wa mkekani"? Wewe umezaliwa kwenye kapeti?

Kikapu Mkongwe: Jamani, Wilt. Umri. Miaka 70. Mnakumbuka?

Mama Wawili: Subiri kidogo, kaka. Mjukuu, bibi bado anapokea watu? Bega langu la kushoto halipandi, hata kanga kamba ya juu nashindwa kuanika.

Mjukuu wa Pangani: Aliacha, dada. Siku moja anamshika mtoto wa jirani, akaona mikono yake inatetemeka. Akafuta mafuta, akamwambia mama mtu ampeleke hospitali. Hajashika mtu tena.

Barua ya Utumishi: Umri gani?

Mjukuu wa Pangani: Themanini na kitu. Na hakuna aliyempa barua.

Kikapu Mkongwe: Sasa si ndicho nilichouliza tangu mwanzo!

Barua ya Utumishi: Wewe uliuliza habari za Wilt.