California siku nane na gari la kukodi: nichukue gari dogo au SUV?

Kibo_Mpya: Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba naenda San Diego kwa dada. Yeye yuko bize na kazi, kwa hiyo tutazunguka wenyewe: Los Angeles, barabara ya pwani ya Big Sur, San Francisco, Yosemite, Tioga Pass kule mlimani, halafu bonde la jangwa la Death Valley tunalala usiku mbili. Swali langu ni moja tu, gari dogo au SUV? Usingizi sina.

Binti Pangani: Achana na gari, beba koti! San Francisco mwezi wa saba ni ukungu na upepo. Mimi nilishuka na kigauni na ndala, nikaishia kununua sweta la watalii kwa bei ya mbuzi. Na bahari yao ni ya kutazama. Pasifiki pale ni baridi hadi mifupa inalia.

Mzee Kokoto: Chukua dogo, mafuta California ni ghali kuliko karibu majimbo yote. L.A. hadi San Francisco kwa barabara kuu ya I-5 ni kama kilomita 610. Ya pwani ni kona tupu, na maporomoko huifunga mara kwa mara, angalia kabla hujatoka. Enzi zangu na lori la Tunduma, Kitonga ilifungwa tukalala mlimani na maembe ya mteja. Hayakufika.

Nesi Mstaafu: Death Valley usiku mbili, Julai? Mko wangapi, umri gani?

Kibo_Mpya: Watatu. Watu wazima wote.

Nesi Mstaafu: Nimeuliza umri.

Kibo_Mpya: Mimi, mpwa wangu wa miaka 19, na mama. Mama ana 71. Presha anayo ila dawa anameza vizuri. Ni mtu wa Machame, mpaka leo anapandisha kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Halafu chumba nimeshalipia, hela hairudi.

Nesi Mstaafu: Kaka, Machame ni baridi! Death Valley mwezi huo mchana hufika nyuzi 47 kwa kawaida, na Furnace Creek, humo humo bondeni, ndiko ilikoandikwa rekodi ya dunia ya joto, 56.7, mwaka 1913. Kama kwenye dawa zake kuna ya kukojoza, maji yanamtoka mara mbili. Gari likizima, sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao wa simu. Hela ya chumba isamehe. Ukitoka Tioga lala mji wa Lone Pine, aone mlima Whitney, mita 4,421, akiwa kitini. Mking'ang'ania bonde, ingieni alfajiri na saa nne asubuhi muwe mmeshatoka.

Mpenda Amani: Mama kaenda kumwona binti yake, wewe unamkokota jangwani upate picha za status. Vijana!

Kokwa: Muache mama aonjeshwe jehanamu akiwa hai, akirudi sadaka itaongezeka 😂

Kibo_Mpya: Mama mwenyewe ndiye anataka kuona Badwater humo bondeni, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Na gari lina AC. Nimeuliza gari, sijauliza mama.

Sina Haraka: Subirini kwanza. Mwezi wa tatu huyu alikuwa anauza Vitz humu, sababu ya kuuza: "nimeshindwa kujifunza udereva." Leo anavuka Tioga, mita 3,031, tena upande wa kulia? Wakuu, hii ni chai.

Kokwa: Chai ya maziwa kabisa. Weka picha ya leseni.

Binti Pangani: Na mimi nimemwandikia maneno yote yale ya koti!

Kibo_Mpya: Vitz ilikuwa ya shemeji, nilimsaidia kutangaza. Dereva ni mpwa.

Mzee Kokoto: Wa miaka 19? Kampuni nyingi za kukodi hazimpi gari aliye chini ya 21, na chini ya 25 wanaongeza ada.

Kibo_Mpya: Basi tutachukua la dada.

Nesi Mstaafu: Dada anajua?

Kibo_Mpya: Tutaongea tukifika.

Mzee Kokoto: Nipe namba ya huyo dada.

Sina Haraka: Mimi nipe ya shemeji. Vitz ilishauzwa?