Ukutani tumchore Iverson au Wade? Namba 3 tayari imepakwa

Gadi_wa_Bwaise: Wakubwa, nina haraka. Uwanja wetu wa kikapu una ukuta mtupu, tumechanga pesa, na mchoraji anarudi keshokutwa. Wiki nzima tunabishana: Allen Iverson wa Philadelphia au Dwyane Wade wa Miami, magadi (wachezaji wa nje wanaoongoza mpira) wa zamani wa NBA, ligi ya Marekani? Tulichokubaliana ni jezi namba 3 tu, kwa sababu wote waliivaa. Kwa hiyo mwili upo ukutani, kichwa hakuna. Nani alikuwa moto zaidi enzi zake?

Mzee_wa_Lugogo: Kijana, umeuliza nusu. Ukuta wa nani, shule au kambi? Wanaocheza hapo ni watoto au wazee wenye vitambi kama mimi? Jezi rangi gani? Na "moto" mnaupima kwa pete za ubingwa au kwa kelele?

Gadi_wa_Bwaise: Samahani mzee. Uwanja ni wa mtaa. Mchana watoto wa miaka 10 hadi 16, jioni sisi. Jezi nyeusi, namba nyekundu. Imebaki shilingi 120,000.

Chenga_Nansana: Kwa watoto? Hapo hakuna mjadala, ni Iverson. Sentimita 183 tu, na mwaka 2001 akawa mchezaji bora wa ligi akifunga wastani wa pointi 31.1. Lakers waliingia fainali ya mwaka huo wakiwa hawajafungwa hata mchezo mmoja wa mtoano. Mchezo wa kwanza, kwao Los Angeles, jamaa akawatia 48, wakaenda muda wa ziada, Philadelphia wakashinda. Tyronn Lue akaanguka chini, Iverson akampita juu kama mtu anayeruka mtaro wa maji ya mvua. Nani asiyejua picha hiyo?

Nalongo_Ribaundi: Halafu ikawaje? Wakafungwa minne mfululizo, mbona hapo umenyamaza? Wade mwaka 2006 alikuwa na miaka 24, msimu wake wa tatu tu. Dallas wanaongoza fainali 2-0, mchezo wa tatu Miami wako nyuma kwa pointi 13 katika robo ya mwisho. Akamaliza na pointi 42 na ribaundi 13, yaani mipira iliyokosa kuingia akaidaka. Wakashinda huo na mitatu iliyofuata. Wastani wake wa fainali ile ni 34.7. Baadaye akaongeza pete mbili, 2012 na 2013. Iverson ana ngapi?

Chenga_Nansana: Pete ya marefa! Mitupo huru 97 katika michezo sita, mama. Mchezo wa tano alipewa 25 peke yake, sawa na Dallas nzima. Niliamka saa kumi usiku kuangalia mtu amesimama kwenye mstari.

Nalongo_Ribaundi: Ukiingia chini ya ring'i kila mara, utaguswa. Wewe unayetupa kutoka mbali na kukosa hutaguswa hata na upepo.

Mzee_wa_Lugogo: Nyote mnakwepa msimu wenyewe. Wade bora kabisa ni wa 2008-09: pointi 30.2, pasi za kufungisha 7.5, anapokonya, na kwa gadi wa sentimita 193 anafuta mitupo ya majitu. Timu ilikuwa ya kawaida sana. Iverson mitupo yake ilikuwa inaingia asilimia 42 na kitu maisha yote, Wade 48. Lakini nikiwa mkweli, hakuna mtoto niliyewahi kumfundisha aliyesuka nywele kwa ajili ya Wade.

Mtoto_wa_Gombe: Jamani, mnasahau nani alikuwa analinda nyuma ya Iverson. Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa! Alifika Philadelphia Februari 2001, na msimu huo huo akawa mlinzi bora wa ligi. Mchoreni yeye na kile kidole chake cha "hapana" alichokuwa akitikisa akishazuia mtupo. Kidole ni rahisi kuchora kuliko uso.

Chenga_Nansana: Mutombo si gadi. Soma swali.

Salama_Bombo: Hapo kwenye uso ndipo pa kuogopa. Sisi tulimpa fundi mmoja picha safi kabisa ya mchezaji, tukamlipa yote mapema, kosa letu hilo. Siku ya kwanza akachora viatu, vizuri mno, hadi kamba zinaonekana. Siku ya pili mpira. Siku ya tatu tukakuta uso wa mheshimiwa mmoja wa eneo letu, mashavu yale yale, na ilikuwa wakati wa kampeni! Vijana wa upande wa pili wakaja kuuliza tumelipwa kiasi gani. Tunampigia fundi, simu imezimwa. Mwishowe tukapaka chokaa kuanzia shingoni kwenda juu. Mpaka leo watoto wanamwita "Bwana Viatu". Sasa, hata Miami na pesa zao walimsimamishia Wade sanamu mwaka 2024, dunia nzima ikauliza huyo ni nani. Ninyi na laki moja na ishirini mtapona?

Nalongo_Ribaundi: Hahaha, banange! Bwana Viatu!

Mzee_wa_Lugogo: Kwa nini asichorwe Jimmy Enabu? Gadi, aliyekuwa kapteni wetu wa Silverbacks, timu ya taifa ya Uganda, mtoto anaweza kukutana naye uwanjani Lugogo. Mwaka 2021 pale Kigali, kwenye kombe la Afrika, tuliwatoa Nigeria, hakuna ukuta uliopakwa.

Gadi_wa_Bwaise: Mzee, hoja nzito, ila namba 3 imeshakauka.

Salama_Bombo: Mnagombana bure. Wade alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la kikapu mwaka 2023, mtu aliyemchagua amsindikize jukwaani ni Iverson.

Chenga_Nansana: Umeona? Mwanafunzi amemtambua mwalimu. Kesi imekwisha.

Nalongo_Ribaundi: Mwanafunzi mwenye pete tatu.

Gadi_wa_Bwaise: Mchoraji amekuja leo, hakungoja. Anasema nywele fupi zimo kwenye bei, ila misuko ya Iverson ni shilingi 40,000 zaidi kwa sababu ya mistari. Amekaa kwenye ngazi anakunywa soda, anasubiri jibu.

Chenga_Nansana: Natuma elfu kumi sasa hivi kwa simu. Asuke.

Nalongo_Ribaundi: Na mimi natuma elfu kumi na tano asisuke.

Mtoto_wa_Gombe: Kidole kinagharimu ngapi?