Michango ya harusi: undugu au biashara ya kadi?

Bahari Shwari
Wakuu, salaam. Siku hizi kadi ya mchango inakuja na kundi la WhatsApp: unajikuta umeshaunganishwa, jina lako limo, na pembeni pameachwa nafasi ya "ahadi". Kiwango nacho kimepangwa, singo (kadi ya mtu mmoja) 50,000, dabo (ya watu wawili) 80,000. Anayetaka kuoa au kuolewa bila kuwakamua watu aanzie wapi? Na mchangiaji mwenye mshahara wa kawaida ajibuje asionekane mchoyo? Naomba hoja za wanaozijua kamati, matusi hapana.

Mweka Hazina wa Mtaa
Mkuu, anza na hesabu. Chukua bei hizo hizo zako. Tuseme sahani ni 22,000, vinywaji 10,000, kiti na mapambo 5,000: kila kichwa 37,000. Singo inabakiza 13,000 za ukumbi, MC, muziki, picha na magari. Dabo inakula 74,000 na kubakiza 6,000 tu. Kamati hushangilia dabo kwa kuwa namba ni kubwa, kumbe ndiyo inayotoboa mfuko.

Halafu ahadi. Bajeti ikijengwa juu ya ahadi, bwana harusi atakopa. Ukumbi unataka kianzio mapema, mpishi anataka idadi ya sahani siku kadhaa kabla, na wachangiaji wengi huleta fedha wiki ya mwisho, wengine hawaleti kabisa. Panga kwa fedha iliyo mkononi na nusu ya ahadi zilizobaki, basi. Kadi ya kuingilia itoke mtu akimaliza kulipa. Asiyemaliza asiagiziwe sahani. Fedha ziingie kwenye akaunti yenye watia saini wawili, zisikae kwenye simu ya mwenyekiti. Na futeni nyama choma ya kila kikao. Kufanya sherehe ya kuvunja kamati huku mpiga picha anadai ni dharau.

Shangazi wa Pili
Naongeza la orodha. Ile tabia ya kuibandika upya kila mtu anapolipa, fulani 200,000, fulani 10,000, imewekwa makusudi ili mwenye kidogo aone haya. Inafanya kazi, ndiyo maana haiachwi. Ila aliyeona haya huahidi asichonacho, na hizo ndizo ahadi hewa anazolia Mweka Hazina hapo juu. Bandikeni jumla tu, kila mtu athibitishiwe malipo yake faraghani.

Mchangiaji naye ajiwekee kiwango cha mwezi, kikiisha kimeisha. Jibu mapema, tena kwa namba: "Hongereni sana. Nitaleta 20,000 kabla ya tarehe 10, kadi msinihesabie." Hayo maneno ya mwisho yanaokoa sahani nzima. Kukaa kimya kunaiumiza kamati kuliko kutoa kidogo.

Mtu wa Sheria
Swali la kwanza mmeliruka. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inataka taarifa ya kusudio walau siku 21 kabla, na mashahidi wasiopungua wawili. Ukumbi haumo. Hata mahari isipokamilika, ndoa iliyofungwa kihalali haibatiliki. Anayejijua hana uwezo afunge ndoa msikitini, kanisani au kwa Mkuu wa Wilaya, wazazi na mashahidi wale pilau nyumbani.

Kazi iko kwa wazee. Wamechangia watoto wa wenzao miaka na miaka, wanangoja zamu yao irudi, na hawana kosa. Zungumza nao kabla ya kikao cha kwanza. Kikao kikishakaa, sherehe si yako tena.

Kapera Mstaafu
Wengi wanalalamika kuwa harusi inachangiwa mamilioni na mgonjwa elfu mbili mbili, kisha wanahitimisha kuwa watu hawana huruma. Sikubaliani. Harusi ina mwenyekiti, kiwango, tarehe ya mwisho na mtu wa kukupigia simu. Mgonjwa ana ujumbe mmoja uliosambazwa, hata kiasi kinachotakiwa hakimo. Anayesimamia matibabu aandike makadirio ya hospitali kama yalivyo, kilichopatikana, kilichobaki na tarehe ya upasuaji, kisha apige simu kwa mmoja mmoja. Watu wale wale wa dabo watatoa.