Mjadala: Crazy Horse ya Paris ni sanaa, au ni mwili wa mwanamke unaouzwa?

Ndugu zangu, ubishi huu uliwaka upya Septemba 2023, pale Lisa, mwimbaji wa BLACKPINK, kundi la muziki la Korea Kusini, alipopanda jukwaa la Crazy Horse, ukumbi wa burudani ya usiku wa Paris, kwa siku tatu. Mashabiki wakagawanyika. Kuna waliosema amejidhalilisha, na kuna waliojibu kwamba ni mtu mzima, acheze atakavyo. Mimi naleta yangu, nanyi leteni yenu.

Kabareti hii ilifunguliwa na Alain Bernardin mwaka 1951. Wachezaji ni wanawake, karibu watupu. Ila tazama vizuri: kinachowavika ni taa. Madoa, mistari na vivuli hurushwa juu ya ngozi, na mchezaji akikosea hatua moja tu, vazi lake la mwanga linabaki ukutani. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiye na mazoezi ya miaka. Kwa hiyo anayesema "wanavua nguo tu" simkubalii hata kidogo.

Wala aibu asibebeshwe mchezaji. Josephine Baker, mchezaji mweusi wa Marekani, alicheza Folies Bergère, ukumbi mwingine wa Paris, mwaka 1926 akiwa na kisketi cha ndizi. Wakati wa vita akawasaidia Wafaransa kwa ujasusi dhidi ya Wanazi, na mwaka 2021 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuenziwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa ugenini, maana kwao Marekani ubaguzi ulimfungia milango. Lakini zile ndizi bado zinaniuma. Binti wa St. Louis kuvikwa ndizi ili Mzungu aone Afrika aliyoiota!

Ndiyo maana na hapa Crazy Horse uchi haunisumbui. Rula ndiyo inayonisumbua. Wachezaji huchaguliwa wasipishane sana kwa urefu, na imetajwa mara nyingi kwamba hata kati ya chuchu na chuchu pana kipimo. Kisha wanavikwa mawigi ya namna moja. Tunaambiwa onyesho linamtukuza mwanamke, huku mwenyewe anapimwa kama ubao kwa seremala.

Kwenye unyago wetu wa pwani mauno hufundishwa pia, tena bila haya. Lakini kungwi hamrudishi mwari nyumbani kwa sababu ni mfupi au mnene, na mwanamume haingii.

Najua mtaniambia hata baleti hupima miili. Kweli, na huko nako nalaumu vilevile. Mtaniambia pia kwamba wachezaji wanafanana ili mwanga uwakae sawa. Hoja hiyo ina uzito, nimeifikiria sana. Ila mwanga unaelekezwa na mtu, na mtu anaweza kuuelekeza upya.

Nawauliza hasa mliowahi kucheza jukwaani: onyesho lile lingepoteza nini kama mstari ule ungekuwa na warefu kwa wafupi, wanene kwa wembamba?