Gari la Rehema: lipande meli au liuzwe kabla ya safari?

Rehema: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Naomba ushauri. Nahamia Ulaya baada ya miezi mitatu, mkataba wa kazi miaka miwili. Gari langu nimekaa nalo miezi minne: petroli, usukani kulia. Nilisafirishe au niliuze ninunue jingine hukohuko? Wakala amenipa bei ya kontena, anataka malipo ya awali wiki hii ili gari litangulie.

Mjomba Daudi: Marahaba mpwa wangu. Usilipe kitu wiki hii.

Kaka Seif: Salama dada. Nakubaliana na Mjomba. Kwanza nijibu: kadi ya gari ina jina lako au la kampuni? Kuna mkopo?

Rehema: Jina langu, Kaka. Halina deni.

Kaka Seif: Afadhali, maana gari la mkopo haliondoki nchini bila barua ya mkopeshaji, na gari la kampuni haliingii kwenye msamaha ninaotaka kukueleza.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina msamaha wa ushuru kwa anayehamisha makazi. Masharti: uwe umeishi nje ya Umoja miezi 12 mfululizo au zaidi, na gari liwe mali yako na umelitumia huko ulikokuwa unaishi kwa miezi 6 au zaidi kabla hujahama. Unaliingiza ndani ya miezi 12 tangu uhamie. Ukishapata msamaha, miezi 12 inayofuata huruhusiwi kuliuza, kulikodisha, kuliweka rehani wala kumwazima mtu bila kuwaarifu forodha kwanza. Ukifanya hivyo, ushuru wote unarudi.

Sasa hesabu. Una miezi minne, ukisafiri baada ya mitatu itakuwa saba, umevuka sita. Lakini ukilipakia wiki hii, umelitumia miezi minne tu. Haraka ya wakala ndiyo ingekunyima msamaha.

Rehema: Yeye alisema likitangulia nitalikuta limeshatolewa bandarini.

Kaka Seif: Nani atalitoa? Msamaha unaombwa kwa uthibitisho wa makazi mapya: mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba au usajili wa anwani, pamoja na ushahidi wa kule ulikotoka. Gari likifika kabla yako linakaa ghalani. Siku za bure zikiisha, bandari inatoza ya kuhifadhi na kampuni ya meli inatoza ya kontena lake kutorudi. Hizo ni bili mbili tofauti, na zote zinahesabiwa kwa siku.

Binamu Asha: Na bila msamaha inakuwaje? Mpe namba aone.

Kaka Seif: Haya. Forodha hawaangalii bei uliyonunulia peke yake. Wanachukua thamani ya gari, wanaongeza nauli na bima hadi mpakani mwa Umoja. Tuseme gari ni 80, nauli na bima 20: msingi ni 100. Ushuru wa magari madogo ya abiria ya petroli kwa kawaida ni 10%, inakuwa 110. Halafu VAT inakatwa kwenye hiyo 110, siyo kwenye 100. Nchi ya 21% ni 23.1. Jumla 133.1, kwa gari lililokuwa 80. VAT ya kawaida inatofautiana sana, Luxembourg 17%, Hungary 27%. Na hapo gari halijapata namba.

Kuna nchi zenye kodi ya usajili juu ya hayo. Msamaha wa forodha hauifuti wenyewe, inaombewa kivyake, kwenye ofisi nyingine.

Mjomba Daudi: Hilo la kupata namba ndilo wengi wanalisahau. Watu wanapiga hesabu hadi bandarini, wakati gari lenye thamani ni lile lililofungwa kibao cha namba. Rehema, gari lako lina cheti cha ulinganifu cha Ulaya, yaani karatasi ya mtengenezaji kwamba gari linatimiza viwango vya kule? Wenyewe wanakiita COC.

Rehema: Sidhani, Mjomba. Lilitengenezwa kwa soko la Japani.

Mjomba Daudi: Basi litaingia kwenye ukaguzi wa gari moja moja. Nenda nje sasa hivi, chuchumaa mbele ya taa. Kwenye kioo cha taa tafuta herufi E kubwa ndani ya duara, na namba pembeni yake; ndiyo alama kwamba kifaa kimeidhinishwa kwa viwango vinavyokubaliwa kule. Kisha tazama kona ya kioo cha mbele, vioo vya milango na ubavu wa matairi. Piga picha uweke hapa.

Rehema: [picha 4] Matairi ninaiona. Kioo cha mbele ninaiona. Taa za mbele sioni.

Mjomba Daudi: Nilidhani hivyo. Na hata ingekuwepo, taa zako ni za barabara za kushoto. Ukiwasha taa za chini karibu na ukuta utaona mwanga una ngazi: upande mmoja umekatwa sawa, upande mwingine umepanda. Wako unapanda kushoto, umulike pembeni mwa barabara. Ukiendesha kulia, ule uliopanda unaingia machoni mwa anayekuja. Stika za kuziba mwanga zinamtosha mgeni wa wiki mbili. Gari la kusajiliwa linahitaji taa zenyewe zibadilishwe, jozi nzima. Kama gari lako halikuuzwa Ulaya, jozi hiyo huenda haipo kabisa.

Taa ya ukungu ya nyuma ipo?

Rehema: Ile nyekundu kali? Sina.

Mjomba Daudi: Kule ni lazima. Ikiwa moja, ikae katikati au upande wa kushoto wa gari, kwa kuwa wanaendesha kulia. Kufunga siyo kazi kubwa: taa, waya, swichi, na kitaa cha dashibodi. Shida ni moshi. Mkaguzi anataka karatasi ya kuonyesha injini ile inatimiza kiwango cha Ulaya cha mwaka wake. Mtengenezaji asipoitoa, inabaki maabara, na maabara inaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Jamani nimechelewa kuona. Rehema mwanangu, huyo wakala amekupa bima gani?

Rehema: Shikamoo Shangazi. Kaandika tu "bima imo".

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. "Imo" haitoshi, dai cheti chenyewe. Kuna bima ya kupotea kabisa, ambayo inalipa meli ikizama au gari likiungua lote; mlango ukibonyea tu hailipi. Na kuna ya hatari zote. Ya pili inadai ripoti ya hali ya gari siku ya kulikabidhi. Picha za pembe nne, paa, vioo vyote, chini ya bampa, na dashibodi ikionyesha kilometa. Mkwaruzo usioandikwa siku ya kupakia utaambiwa ulikuwepo.

Na ukiweka vyombo ndani ya gari, soma vizuri. Bima nyingi hazivihesabu vyombo kama sehemu ya gari.

Jingine ambalo watu hawalijui: nahodha akilazimika kutoa kafara sehemu ya mzigo au kulipa waokoaji ili meli nzima isipotee, hasara ile inagawanywa kwa mwenye meli na wenye mizigo wote, hata ambaye mzigo wake ni mzima. Meli ya Ever Given iliponasa Mfereji wa Suez mwaka 2021, mwenye meli alitangaza utaratibu huo. Mwenye bima, kampuni yake inatoa dhamana. Asiye na bima anaweka fedha taslimu ndipo apewe mzigo wake.

Baraka: Naomba kuingilia, kuna rafiki yangu anahamia Australia na gari. Ni hayohayo?

Kaka Seif: Hapana. Australia kibali cha kuingiza kinapatikana KABLA gari halijapanda meli. Likifika bila kibali, faini au lirudishwe. Kwa njia ya gari binafsi awe amelimiliki na kulitumia nje miezi 12. Lioshwe mpaka chini: udongo kwenye matao ya magurudumu, mbegu kwenye rejeta, majani chini ya wipa. Gari kuukuu likaguliwe asbesto kwenye breki na gasketi, ni marufuku kule tangu mwisho wa 2003. Na kati ya Septemba 1 na Aprili 30 kuna msimu wa mdudu anayenuka, mizigo kutoka nchi zilizoorodheshwa inatakiwa kufukizwa au kupashwa joto.

Marekani ni habari nyingine tena. Gari lisilotengenezwa kwa viwango vyao vya usalama linaingia kirahisi likifikisha miaka 25 tangu mwezi lilipotengenezwa. Kanada ni miaka 15. Ndiyo maana swali la kwanza ni "je, gari hili linaruhusiwa?" Nauli iulizwe baadaye.

Baraka: Asante sana kaka.

Binamu Asha: Kwa hiyo hakuna anayefaa kusafirisha?

Mjomba Daudi: Yupo. Mwenye gari lenye COC, usukani upande wa kule, msamaha umekamilika, na anahama kwa miaka mingi. Au gari lililofungwa vifaa vya dereva mwenye ulemavu, kama breki ya kubonyezwa kwa mkono badala ya mguu, na rampu; hilo kulipata upya ni taabu, lipelekwe hata kama hesabu ni sawasawa. Mwenye la umeme aangalie tundu la chaji kwanza: Ulaya wanatumia CCS2, Marekani CCS1 na NACS, China GB/T. Adapta inasaidia, lakini chaji ya haraka haikubali kila adapta.

Rehema: Tuseme nimeamua kusafirisha. Kontena au ile meli ya kuendesha gari hadi ndani?

Kaka Seif: Hiyo ya kuendesha hadi ndani inaitwa roro, na kwa kawaida ni nafuu. Gari linakabidhiwa na ufunguo, mafuta robo tangi au chini yake, alamu imezimwa, ndani tupu. Likivuja oili linakataliwa getini.

Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35. Gari la mita 1.75 linabaki na sentimita 30 kila upande, kwa hiyo shusha kioo cha dereva kabla ya kuingia, atatokea dirishani. Kabla ya kupakia, simama ndani milango ifungwe. Ukiona nukta ya mwanga, maji ya chumvi yataona pia, kataa. Mikanda ifungwe kwenye magurudumu. Ikifungwa kwenye chasisi, gari likicheza juu ya springi inalegea. Waya hasi wa betri utolewe. Magogo ya kuzuia magurudumu yawe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, wenye herufi HT, yaani mbao zimepashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kwenye kiini. Bila mhuri, mzigo mzima unaweza kuzuiwa kwa sababu ya vipande vinne vya mbao. Lakiri ikifungwa, namba yake uipige picha, ifanane na ya kwenye hati ya shehena. Na jina lako pale liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Shangazi Mwanaidi: Seif umemaliza. Ila kwa mkataba wa miaka miwili, usukani kulia na taa zisizo na E, mimi ningemwambia auze.

Mjomba Daudi: Nami pia. Mwaka mmoja kati ya hiyo miwili atakuwa amefungwa asiliuze, na ukiisha, usukani kulia kule wanunuzi ni wachache.

Rehema: Nimeelewa. Nauza. Kule nikinunua niangalie nini?

Mjomba Daudi: Namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17. Isome mahali pawili au zaidi: chini ya kioo cha mbele, nguzo ya mlango, na kwenye kadi. Zikitofautiana hata moja, ondoka. Omba ripoti ya ukaguzi wa mwisho na zilizotangulia, upange kilometa kwa tarehe. Zikishuka popote, mita imerudishwa. Liwashe likiwa baridi, shika boneti kwanza uhakikishe hawajalipasha. Kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, kwa hiyo lala chini utazame mabomba ya breki na viungio vya sabfremu (fremu ndogo ya chini inayobeba injini au magurudumu), kutu ipo huko kuliko kwenye milango.

Shangazi Mwanaidi: Na kabla hujaondoka, kampuni yako ya bima ikuandikie barua ya miaka uliyokaa bila madai, yenye tarehe na muhuri. Kampuni nyingine za kule zinaikubali kukupunguzia ada ya bima, nyingine hazikubali, lakini barua hiyo ukiwa mbali inasumbua kuipata.

Kaka Seif: Ukishauza, badilisha umiliki siku ileile, usimwachie mnunuzi afanye mwenyewe. Weka nakala ya kadi, mkataba wa mauzo wenye saa ya makabidhiano, na risiti ya kubadilisha jina. Faini ya kamera ikija baada ya miezi mitatu, hiyo saa ndiyo itakutoa.

Rehema: Asanteni sana. Wakala nimeshamwandikia kwamba silipi. Kesho asubuhi naenda kuchukua hiyo barua ya bima.