Jiko la peleti linazimika lenyewe usiku, kioo cheusi tii. Nibadilishe nini?

Kizingiti
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kabla sijapigwa hela. Tulipohamia hii nyumba tulikuta jiko la peleti za mbao (vile vipande vidogo vya unga wa mbao uliokandamizwa) sebuleni, lile la kupasha joto sio la kupikia, mwenye nyumba wa zamani katuachia na kakaratasi ka maelekezo kamechanika nusu. Mwanzoni liliwaka vizuri mno yani hadi tunafungua dirisha. Sasa kama wiki mbili hivi limeanza vituko, nawasha jioni linashika moto fresh, linaenda masaa mawili matatu, halafu usiku wa manane tunaamka meno yanagongana, jiko limezima na skrini inaonyesha hitilafu. Nikifungua mlango nakuta kile kikombe cha kuchomea kimejaa peleti hazijaungua, zingine zimeungua nusu, na kioo cheusi tii kama chungu. Asubuhi nafuta kioo, namwaga majivu ya kwenye trei, nawasha, linawaka, usiku mchezo ni ule ule.

Jirani kasema kiwashio kimekufa ninunue kipya. Shemeji yangu kasema ni bodi ya umeme. Vyote viwili sio vya kununua kwa kubahatisha.

Halafu jingine, hivi hili jiko kweli linaweza kupasha nyumba nzima au ndo nilidanganywa? Chumba cha mwisho kule watoto wanalala na soksi mbili mbili.

FundiMasizi
Mkuu usinunue kitu. Kiwashio kazi yake ni zile dakika chache za mwanzo tu, peleti zikishashika moto chenyewe kinazima na moto unajiendeleza. Kama jioni linawaka bila kulisaidia basi kiwashio kizima, mwambie jirani apumzike.

Shida yako ni hewa. Jiko la kuni la kawaida moshi unapanda wenyewe kwa sababu ya joto, hili halitegemei hivyo, lina feni inauvuta moshi kuutoa nje na kwa kuuvuta huko ndo hewa safi inaingia chini ya kikombe kupitia vile vitundu. Sasa njia ya moshi ikijaa majivu mvuto unapungua, peleti zinaendelea kudondoka ila hewa ya kuzichoma haitoshi, zinarundikana. Moto unakuwa mvivu, mrefu, rangi ya chungwa imeiva, unayumba na kulamba kioo, ndo masizi yako hayo. Mwisho swichi ya presha inaona mvuto haupo inakata ile skrubu ya kulishia, ile inayosukuma peleti kwenda kwenye kikombe, na jiko linazima. Yani limekuokoa hapo usilitukane. Moto mzuri ni mfupi, njano inayong'aa karibu na weupe, unarukaruka una haraka.

Na samahani lakini kumwaga trei sio kusafisha jiko. Majivu ya trei ni yale mazito, yale laini kama unga yanaenda nyuma. Fanya hivi. Zima, acha lipoe kabisa, chomoa plagi. Toa kikombe uchokoe vitundu vyote na msumari hadi uone mwanga upande wa pili. Kwenye chumba cha moto kuna vibao vya nyuma au pembeni, vingi vinatoka kwa skrubu mbili au kwa kunyanyua tu, nyuma yake ndo kuna mlima. Kisha feni ya moshi yenyewe, ifungue uangalie mabawa, mara nyingi yamevaa koti la masizi. Halafu nenda nje pale bomba linapopinda, chini kuna kofia ya kusafishia, ifungue na usisimame chini yake. Mie nilisimama chini yake.

Vakyumu ya kawaida ya nyumbani weka mbali. Kaa linaweza kulala kwenye majivu masaa mengi liko hai, likiingia kwenye mfuko umechoma nyumba, na hata yakiwa baridi ule unga unapenya chujio unarudi sebuleni. Zipo za majivu maalum.

Kingine, kuna kampira kembamba kanaenda kwenye swichi ya presha, nako kanazibaga. Kachomoe kwenye swichi KWANZA ndo upulize, ukipuliza kakiwa kameungwa utaua swichi na hapo ndo utanunua kweli.

mzee_kuni
Fundi kasema kweli ila hakuuliza swali la kwanza kabisa, kijana mmebadilisha peleti? Maana wiki mbili ni muda mfupi jiko kutoka kuwaka vizuri hadi kuzima kila siku. Mimi naweka dau ulinunua mifuko mingine tofauti na ile uliyokuta.

Peleti zinafanana kwa macho lakini hazilingani. Za daraja la A1, yani zile bora kabisa, majivu hayazidi asilimia 0.7 na unyevu hauzidi asilimia 10, maana yake mfuko wa kilo 15 unaungua wote unabaki na majivu kama gramu mia hivi. Zile mbovu zina maganda ya mti na mchanga, ule mchanga ukipata moto unayeyuka unaganda tena, unakuta bonge gumu kama kioo chini ya kikombe limeziba vitundu. Umeona bonge la hivyo? Kama unalivunja na bisibisi kila asubuhi basi jiko halina kosa.

Angalia pia vumbi chini ya mfuko. Peleti haina gundi, ni unga wa mbao umekandamizwa kwa nguvu na joto mpaka ile lignini, gundi ya asili ya mti wenyewe, inaushika. Ikipata unyevu inavimba inarudi kuwa unga, na unga ukishuka kwenye skrubu ya kulishia utajua hujui. Mifuko isikae juu ya sementi tupu, inyanyue na mbao.

Bi_Tausi
Jamani mbona mnaongelea majivu tu, huyu mtu ana watoto wanalala mle ndani na jiko linajaa peleti zinazofuka bila moto. Kizingiti mna king'ora cha kaboni monoksidi? Kama hamna zima hilo jiko leo uvae sweta mpaka ukipate. Ile gesi haina harufu wala rangi, unahisi kichwa kinauma na usingizi unadhani ni uchovu.

Na nyie mnaoweka peleti chumba kimefungwa hakina hewa, mkumbuke peleti zenyewe hata kabla ya kuchomwa zinatoa hiyo hiyo gesi. Mifuko michache kibarazani sio shida, ila ghala lililojaa watu wamewahi kuingia wasitoke.

Hilo la joto nyumba nzima nakujibu maana mimi nina la miaka sita. Kilo moja ya peleti ina kama kWh 4.8, jiko zuri linakupa labda 4 zinazofika chumbani, zingine zinaondoka na moshi. Ukichoma kilo moja kwa saa una kilowati 4, mfuko wa 15 unaisha masaa 15. Nyumba yenye dari na kuta zimezibwa vizuri hiyo inatosha kabisa, nyumba inayovuja upepo hata uweke majiko mawili. Shida yako nadhani sio nguvu, ni kwamba joto linabaki sebuleni. Watu wanaweka feni sebuleni kusukuma joto kwenda chumbani, mimi nilihangaika hivyo msimu mzima. Geuza. Feni ndogo iweke CHINI kwenye mlango wa kile chumba cha baridi ielekee sebuleni, hewa ya baridi ni nzito iko sakafuni, ukiisukuma itoke ile ya moto inapita juu ya mlango kuja kujaza nafasi. Milango iwe wazi lakini.

Ah na umeme ukikatika? Feni ya moshi inasimama na peleti bado zinawaka, moshi unaweza kurudi ndani. Mimi nimeweka UPS, lile betri la akiba linaloshika umeme ukikatika.

mzee_kuni
UPS angalia isiwe ile ya bei chee ya kompyuta, mawimbi yake ya umeme sio laini, feni zinanguruma na bodi zinachanganyikiwa. Ndo maana mimi bado nina jiko la kuni pembeni, hilo haliulizi umeme.

Bi_Tausi
@mzee_kuni na nani anakupasulia hizo kuni saa kumi na moja alfajiri 😂

Kizingiti
Nimerudi wakuu. Kwanza king'ora kilikuwepo ila betri imekufa, Bi Tausi umenitisha nikakimbia kununua usiku ule ule, sasa viko viwili, sebuleni na kwa watoto.

Jumamosi nimevua shati nimeingia kazini. Nyuma ya vibao vya chumba cha moto kulikuwa na majivu nusu ndoo, sio utani, nadhani yule bwana hakuwahi kufungua tangu alinunue. Feni mabawa hayaonekani. Ile kofia ya nje nilisimama pembeni kama nilivyofundwa, limeshuka furushi jeusi. Na mzee umenipatia, mifuko ya zamani iliisha kama wiki tatu nyuma nikachukua aina nyingine, na kweli kuna bonge gumu kwenye kikombe nilikuwa nalitupa bila kuwaza. Kwa hiyo sijui nimlaumu nani, nahisi jiko lilikuwa limeshajaa linapumua kwa shida, hizi peleti mpya zikaja kulimaliza.

Leo usiku wa tatu halijazima. Moto umebadilika hadi mtoto kauliza mbona una hasira. Feni ya mlangoni nimeweka, chumba cha mwisho soksi zimevuliwa. Ila kioo bado kinaingia weusi kidogo pembeni, kona moja tu.

FundiMasizi
Rangi ya kijivu kioo kizima ni kawaida, weusi kona moja ni kamba ya mlango, ile inayoziba ukingo wake hewa isipite. Jiko likiwa baridi bana karatasi mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kugoma hewa inapita hapo badala ya kupita kwenye kikombe. Jaribu pande zote nne sio juu tu.

Kizingiti
Upande wa bawaba chini imetoka yenyewe hata sijavuta. Nauliza unene wa hiyo kamba napimaje?

FundiMasizi
Ng'oa ya zamani uende na kipande ambacho hakijabonyea, pale kwenye kona huwa kinabaki. Usiivute wakati unaibandika inakonda.